Mfarishi wa viraka wa kushona kwa mkono: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu ambaye hajawahi kushona zaidi ya kifungo kilichong'oka. Nimechukua mfarishi mmoja tu, wa miraba mitupu, wa kumtosha mtoto mdogo au kufunika magoti ya mtu mzima aliyeketi. Maswali yote yanauzunguka huo.

Mfarishi wa viraka ni kitu gani hasa? Si blanketi tu?

Ni tabaka tatu zilizoshikanishwa kwa uzi. Juu kuna uso, ambao ni viraka vilivyounganishwa. Katikati kuna pamba. Chini kuna bitana. Uzi unaopenya tabaka zote tatu ndio unaoufanya uwe mfarishi. Ukiishia kwenye uso peke yake, umeshona shuka la viraka, nalo si baya, ila halina joto. Wapo wanaouita kwilti na wapo wanaosema blanketi la viraka. Kazi ni ileile.

Kwa hiyo ujue tangu mwanzo kwamba una kazi mbili. Ya kwanza ni kuunganisha viraka, ya pili ni kushona tabaka tatu pamoja. Wengi huikadiria ya kwanza na kuisahau ya pili, halafu nyuso zisizo na bitana zinalala kabatini miaka.

Sijui kushona. Nitaweza kweli?

Kama unaweza kutunga uzi kwenye sindano na kufuata mstari wa penseli, utaweza. Mshono unaotumika ni mmoja, ule wa kuingiza na kutoa sindano ambao hata mtoto huujua. Anayeanza huhangaikia udogo wa hatua zake (hatua ni umbali kati ya sindano inapoingia na inapotoka). Mimi naona mahangaiko hayo yamekosea mahali. Mfarishi hauharibikii kwenye sindano, unaharibikia kwenye penseli. Mistari ikiwa sahihi, hata hatua za kinyonge zitakupa kitu cha kujivunia. Mistari ikikosewa, hakuna mkono hodari utakaouokoa.

Nianze na vifaa gani?

Sindano za aina mbili. Ya kuunganishia viraka iwe nyembamba na ndefu kiasi. Ya kushonea tabaka tatu iwe fupi, maana sindano fupi hupinduka kirahisi ndani ya kitambaa kinene. Kwenye pakiti, namba ikipanda sindano inazidi kuwa nyembamba. Kwa zile fupi anza na namba 8 au 9; 12 ni ya wenye macho makali na subira ya kupindukia.

Uzi uwe wa pamba. Kwa kazi ya tabaka tatu tafuta ulio mzito kidogo. Uzi wa kutarizi uuache, unachambuka. Kipande cha nta ya nyuki kinasaidia sana: upitishe uzi juu yake mara moja au mbili, hautajisokota ovyo.

Mengine ni rula, penseli, pini, pasi, plastiki bapa ya kutengenezea kipimo, na mkasi mkali ambao haugusi karatasi. Mkasi wa kitambaa ukiazimwa na mtu wa kukata maboksi, kesho yake unautafuna mfarishi wako badala ya kuukata. Ongeza karatasi ya msasa laini. Nitaeleza kazi yake tukifika kwenye kuchora.

Na subana, au kastabini kama wengine wanavyoiita. Utaichukia siku mbili za kwanza. Vaa kwenye kidole cha kati cha mkono unaoshonea, usiivue.

Kitambaa gani kinafaa?

Pamba tupu, isiyovutika, yenye uzito unaolingana na wa shati la kawaida. Kitambaa cha fulana hutanuka, satini huteleza, na jinzi ikikaa kando ya kitambaa chepesi itakivuta mpaka kichanike. Ukitaka kuvitumia, subiri mfarishi wa tatu.

Kama hujui kipande ulichonacho ni pamba au la, chomoa nyuzi mbili tatu, uziwashe juu ya sahani ya bati au ndani ya sinki. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha kitone kigumu cheusi.

Nguo kuukuu zinafaa, na viraka vyake mara nyingi ndivyo vinavyopendeza kuliko vyote. Shati hutoa vipande vizuri mgongoni na sehemu ya chini ya kifua. Viwiko na kola viache. Kabla ya kukata, inua kitambaa dhidi ya mwanga wa dirisha. Ukiona sehemu ambayo nyuzi zimeachana na mwanga unapita, ruka hapo. Kiraka kilichochoka kitakuwa cha kwanza kutoboka, nacho kitakuwa katikati kabisa ya mfarishi.

Lazima nikifue kitambaa kipya kabla ya kukata?

Fua. Kitambaa cha pamba hunywea maji ya kwanza, na si vyote hunywea sawa. Pia kuna kuchuja rangi. Nyekundu iliyokolea na buluu nzito ndizo watuhumiwa wakuu. Loweka kila rangi nzito peke yake ndani ya chombo cheupe. Maji yakibadilika rangi, suuza tena na tena mpaka yatoke safi. Kisichokoma kuchuja, kitafutie kazi nyingine. Kisha kipige pasi kingali na unyevunyevu kidogo.

Nitahitaji kitambaa kiasi gani?

Tufanye hesabu pamoja. Kila kiraka kikishashonwa kitakuwa na sentimita 10 kwa 10. Ongeza sentimita 1 ya mshono kila upande, unakata mraba wa sentimita 12. Viraka 9 kwa upana na 11 kwa urefu ni viraka 99, mfarishi wa takribani sentimita 90 kwa 110.

Kitambaa chenye upana wa sentimita 110 kinatoa viraka 9 kwa kila ukanda, kimahesabu. Kwa kweli ukishaondoa kingo mbili za kiwandani, ambazo ni ngumu na hazifai kushonwa ndani, hesabu 8. Viraka 99 vinataka kanda 13, yaani mita 1.56 kwa jumla. Chukua mita 1.75 uigawe kwenye rangi unazotaka, na ziada ikufae ukikosea.

Bitana na pamba ya katikati ziwe sentimita 100 kwa 120, ili zizidi uso kila upande. Usizikate zilingane na uso kwa kubana matumizi. Tabaka hizi hutembea zinaposhonwa, na pasipo ziada utajikuta upande mmoja uso unaning'inia hewani.

Kwa nini sentimita 1 ya mshono, wakati mafundi wa kazi hii hutumia robo inchi, yaani karibu milimita 6? Kwa sababu sentimita 1 inasomeka kwenye rula yoyote, na kitambaa kikichambuka kidogo bado unabakiwa na cha kushona. Mkono ukizoea, punguza.

Nifanyeje viraka vyote vilingane?

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mfarishi wangu wa kwanza niliukata hivi: nilipima kiraka cha kwanza kwa uangalifu, nikakilaza juu ya kitambaa kama kipimo cha kiraka cha pili, cha pili nikakitumia kwa cha tatu, nikaendelea hivyo jioni nzima nikijiona mjanja. Kila mara penseli ilipita nje kidogo ya ukingo, unene wa ncha tu. Cha mwisho kilipokutana na cha kwanza kilikuwa kikubwa kwa karibu sentimita nzima. Nilikata upya vyote.

Kwa hiyo kipimo kiwe kimoja, kigumu, kisichobadilika. Kadibodi inatosha viraka ishirini au thelathini, kisha kingo zake zinalainika na pembe zinapukutika. Plastiki bapa ya kifuniko cha kopo ni bora. Kikate mraba wa sentimita 10 kamili, si 12. Umesoma sawasawa. Kwenye kushona kwa mkono mstari wa kushonea ndio unaotawala, na ukingo wa kitambaa unafuata.

Tandaza msasa mezani, upande wa kukwaruza juu, ulaze kitambaa juu yake kikiangalia chini, yaani upande wa ndani ukuelekee. Msasa unakishika kisiteleze chini ya penseli. Weka kipimo pande zake zikifuata nyuzi za mtande na za mshindio (zile zinazokwenda kwa urefu na kwa upana wa kitambaa), chora kukizunguka, na pembe nne uzitie alama iliyokolea. Acha nafasi ya sentimita 2 kabla ya kuchora mraba unaofuata, ili kila mmoja upate sentimita yake 1. Kisha kata katikati ya nafasi hiyo. Mkasi ukiyumba kidogo si neno. Penseli ikiyumba ni neno.

Sababu ya kufuata nyuzi ni hii: vuta kitambaa cha pamba kwa urefu wake, hakiendi popote. Kivute kwa mshazari, kinanyumbuka kama mpira. Kiraka kilichokatwa mshazari kitatanuka mikononi mwako huku ukikishona, na mwisho utakuwa na mraba wenye tumbo.

Rangi nizipangeje?

Usianze na rangi, anza na giza na mwanga. Vigawe vitambaa vyako mafungu mawili, vilivyokolea na vilivyopauka, uvipishanishe kama ubao wa drafti. Hata rangi zisizopatana zitaelewana zikipangwa hivyo. Panga vyote 99 sakafuni au kitandani, piga picha kwa simu, igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Kiraka kilichokaa pasipo pake kitaonekana mara moja.

Ukiridhika, viokote kwa safu, kila safu rundo lake, na ubandike kwa pini kijikaratasi chenye namba kwenye kiraka cha kwanza cha kushoto. Paka na watoto hawaheshimu mpangilio wa sakafuni.

Uzi uwe na urefu gani, na fundo nilifungeje?

Kuanzia ncha za vidole mpaka kwenye kiwiko, karibu sentimita 45. Uzi mrefu unaonekana kuokoa muda, lakini sehemu ileile hupita kwenye kitambaa mara nyingi mno, inachakaa, inajifunga na kukatika. Tunga ile ncha iliyotangulia kutoka kwenye kibiringo, na fundo lifungwe kwenye ncha uliyoikata. Uzi unajisokota kidogo zaidi ukifuata mwelekeo wake.

Fundo rahisi kuliko yote: laza mwisho wa uzi sambamba na sindano, uzungushe sindano mara 3, bana mizunguko hiyo kwa vidole viwili, vuta sindano mpaka uzi wote upite. Fundo dogo, gumu, lililokaa mwishoni kabisa.

Nionyeshe hasa jinsi ya kuunganisha viraka viwili.

Viweke uso kwa uso, mistari ya penseli ikiwa nje pande zote mbili. Chukua pini, ichome wima kwenye alama ya pembe ya kiraka kilicho mbele yako. Geuza. Je, imetokea kwenye alama ya pembe ya kiraka cha nyuma? Kama imetokea pembeni kwa upana wa uzi, ichomoe na urudie. Fanya hivyo pembe ya pili. Kisha pini moja katikati ya mstari, nayo uihakiki nyuma.

Anza kwenye alama ya pembe yenyewe, si kwenye ukingo wa kitambaa. Piga hatua moja ndogo, urudi nyuma juu yake, halafu endelea kwenye mstari kutoka kulia kwenda kushoto. Ingiza na toa sindano mara tatu au nne kabla ya kuvuta uzi. Kitambaa ndicho kinachotikiswa juu na chini, sindano inakwenda mbele tu. Kabla ya kuvuta, geuza mkono uchungulie nyuma. Sindano imekaa juu ya mstari wa nyuma pia? Vuta. Imetoka nje? Irudishe. Uchunguliaji huo ndio ufundi wenyewe. Baada ya viraka kumi mkono utachungulia bila kuambiwa.

Fika kwenye alama ya pembe ya pili, rudi nyuma mara mbili mahali pamoja, kata uzi. Ile sentimita 1 ya mwisho usiishone. Ikibaki huru, mshono utaweza kulala upande wowote utakaoutaka baadaye.

Shona viraka 9 vya safu moja, kisha safu zote 11, ndipo uunganishe safu kwa safu.

Safu zikikutana, pembe zangu nne hazikutani. Kosa liko wapi?

Mara nyingi ni pini. Kila makutano yachomewe pini yake wima, kwenye alama, kabla ya kushona safu nzima. Usitegemee kwamba ukianza sawa utamaliza sawa. Ukifika kwenye makutano, rudi nyuma hatua moja, kisha pitisha sindano kwenye shina la ile mikunjo ya mshono utokee upande wa pili bila kuishonea chini, rudi nyuma hatua moja tena, endelea.

Ikikosea kwa milimita 1, iache. Ikikosea kwa milimita 4, fumua sentimita chache kila upande wa makutano, si safu nzima.

Hatua zangu ni kubwa na hazifanani.

Kuunganisha viraka, hatua 3 kwa kila sentimita zinatosha, na hata 2 na nusu hazitamwua mtu iwapo unarudi nyuma hatua moja kila baada ya sentimita 3 au 4. Mshono huo haumo machoni pa mtu, unajificha ndani. Kwenye tabaka tatu ndiko hatua zinaonekana, na huko kinacholeta uzuri ni kulingana, si udogo. Hatua 2 kwa sentimita zinazolingana hupendeza kuliko 4 zinazoyumbayumba.

Mshono niupige pasi ufunguke au ulale upande mmoja?

Ulale upande mmoja, kuelekea kiraka chenye rangi nzito, usije ukaonekana kama kivuli chini ya kiraka cheupe. Mshono wa mkono ukiufungua, unaziacha nyuzi peke yake zibebe mvutano, na nyuzi za pamba ya ndani zinaweza kuchungulia. Pasi iinuliwe na kushushwa. Ukiiburura unauvuta mraba.

Pamba ya katikati ichaguliweje?

Nyembamba. Wanaoanza hupenda ile nene iliyofura kama mto, halafu sindano haipiti. Pamba halisi hulala vizuri na ina uzito mzuri mwilini. Ya poliesta ni nyepesi, hukauka haraka, na sindano huipenya kwa urahisi. Zote zinafaa. Soma kwenye pakiti mistari ya mshono inaruhusiwa kuachana umbali gani. Kama haisemi, usizidishe sentimita 10, la sivyo pamba itajikusanya mabonge.

Blanketi jembamba kuukuu pia linaweza kukaa katikati. Hakikisha tu limeshafuliwa mara nyingi.

Tabaka tatu nizishikanisheje kabla ya kuzishona?

Kwa kupiga bandi, yaani mishono mirefu ya muda ambayo utaing'oa mwishoni, na hapa haraka inalipiwa gharama. Tandaza bitana sakafuni, upande wake wa nje ukiangalia chini, ibandike kwa utepe kila upande ikiwa imenyooka bila kuvutwa. Juu yake pamba, uilainishe kwa kiganja kutoka katikati kwenda nje. Juu kabisa uso, ambao umeupiga pasi kwa mara ya mwisho.

Chukua uzi mweupe, maana uzi wa rangi huweza kuacha doa au manyoya, na upige bandi ndefu za sentimita 4 hivi, ukianzia katikati kabisa kwenda pande zote, mistari ikiachana sentimita 10. Mtu asiyeweza kupiga magoti muda mrefu aweke meza mbili pamoja. Pini zenye kifuniko, zile za nepi, nazo zinafaa, moja kila kiganja cha mkono.

Ukimaliza, geuza uangalie bitana. Kama ina mikunjo sasa, itakuwa na mikunjo daima. Fumua sehemu hiyo, ni kazi ya dakika kumi.

Na sasa kuzishona zenyewe?

Ndani ya kila kiraka, chora mraba ulio sentimita 1 na nusu kutoka kwenye mshono. Utakuwa na mraba mdogo wa sentimita 7 kwa 7, na sindano yako haitakutana na ile mikunjo ya mishono ambako kuna vitambaa vingi. Tumia chaki ya fundi au penseli hafifu, lakini ijaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni uone inatoka ikifuliwa.

Fremu ya duara ya mbao inasaidia, ila usikaze kitambaa kama ngoma. Kiache kilegee kidogo, sindano ipate kupinduka. Ingiza sindano kwenye uso sentimita 2 kutoka unapotaka kuanzia, ipite ndani ya pamba tu, itokee kwenye mstari, kisha vuta ghafla kidogo. Utasikia mtutumko mdogo: fundo limezama ndani na halionekani popote.

Sasa mkono wa chini ukae chini ya mfarishi, kidole kikisubiri ncha. Ncha ikikigusa tu, subana inabonyeza kichwa cha sindano chini, kidole gumba kinasukuma kitambaa mbele ya sindano, ncha inapanda. Tena, tena, hatua tatu, vuta. Mwendo ni wa kupembea kama chombo kwenye maji. Siku ya kwanza utapata hatua nzuri juu na bitana haikuguswa kabisa. Ni kawaida, geuza kila baada ya mstari uhakikishe.

Ukimaliza mraba mmoja, usikate uzi. Pitisha sindano ndani ya pamba sentimita 3 utokee kwenye mraba wa jirani. Anza katikati ya mfarishi uende nje, ili mikunjo ikimbilie ukingoni.

Hiyo ya mwisho inanitisha. Hakuna njia fupi?

Ipo: kufunga mafundo. Kila makutano ya viraka, penyeza uzi mnene wa pamba kutoka juu hadi chini, urudi juu milimita 5 pembeni, funga fundo mara mbili kwa kupishanisha, kata uache ncha za sentimita 2. Kwa mfarishi wetu makutano ni 80, kazi ya jioni mbili. Kwa mfarishi wa mtoto mchanga siipendi, maana ncha hizo huishia mdomoni.

Kingo nizimalizeje?

Njia nyepesi ni kuitumia bitana yenyewe. Ng'oa bandi, kata pamba ilingane na uso, kisha kata bitana ikiacha sentimita 3 kuzunguka. Kunja bitana nusu mpaka ukingo wake uguse ukingo wa uso, ukunje tena ilale juu ya uso, bana kwa pini. Kwenye pembe, kata kincha cha bitana kwa mshazari na ukikunje ndani kwanza, ndipo pande mbili zikutane juu yake. Shona kwa hatua ndogo za kujificha, sindano ikishika uzi mmoja au miwili tu ya pindo.

Utepe wa kingo uliokatwa kando ni imara zaidi na unabadilishika ukichakaa, ila kwa mara ya kwanza si lazima.

Itanichukua muda gani?

Uso una mita 17.8 za mshono: mishono 88 ya sentimita 10 ndani ya safu, na mishono 10 ya sentimita 90 kati ya safu. Kila sentimita 10 kwa anayeanza, pamoja na pini zake, ni dakika 5 hadi 6, basi ni saa 15 hadi 18. Ile miraba midogo ya ndani inafika karibu mita 28, saa 25 hadi 30. Ongeza kukata, bandi na kingo, jumla inakaribia saa 50. Nusu saa kila siku ni zaidi ya miezi mitatu. Usimwahidi mtu zawadi ya wiki ijayo.

Nimejichoma, na damu imeingia kwenye kiraka cheupe.

Maji baridi, papo hapo, kwa pamba iliyoloweshwa, ukigonga bila kusugua. Usitumie maji ya moto, yanaligandisha doa.

Natumia mkono wa kushoto.

Shona kutoka kushoto kwenda kulia. Mengine yote ni yaleyale.

Lazima viwe miraba inayolingana?

Hata kidogo. Miraba ni ya kujifunzia kwa sababu makosa yake huonekana mapema. Wanawake wa Gee's Bend, kijiji kilicho kwenye kingo za mto huko Alabama, Marekani, walikata suruali na mashati ya kazi yaliyochakaa wakayaunga bila rula, mistari ikipinda kwa makusudi. Mwaka 2002 kazi zao ziliwekwa kwenye maonyesho ya makumbusho huko Houston, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikazitolea stempu. Wasiddi wa Karnataka, India, watu wenye asili ya Afrika, wao hawaunganishi viraka kwanza. Huanzia ukingoni mwa bitana, hushonea kiraka juu yake kwa mistari ya hatua ndogo, na kuzunguka kuelekea katikati mpaka pajae. Hapo kuunganisha na kushona tabaka ni kazi moja. Ukiona hesabu zangu za sentimita zinakuchosha, huenda njia hiyo ndiyo yako.

Mfarishi uliokamilika unafuliwaje?

Maji baridi, sabuni laini, bila kukamua kwa kusokota. Ubonyeze ndani ya taulo, uanike ukiwa umelala, kivulini. Ukinyanyuliwa kwa ncha moja ukiwa umejaa maji, uzito wote unaning'inia kwenye nyuzi zako. Kama pamba ya ndani ni halisi na haikufuliwa, itanywea kidogo, na mfarishi utatoka na mikunyanzi midogo kuzunguka kila mshono. Hiyo mikunyanzi ndiyo watu wanayoitafuta, na inafunika nusu ya makosa uliyokuwa ukiyahesabu usiku.